Tajiri wa Akaunti ya Mazoezi

Bwana Hisa alitajirika siku ya Jumanne, mkewe akiwa anaosha sufuria. Aliingia jikoni ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa mpaka ukingoni, akasema, "Mama watoto, tumevuka milioni kumi." Mkewe hakugeuka. Alimuuliza kama katika hizo milioni kuna japo ya kununulia sabuni, maana iliyokuwepo ilibaki utelezi tu.

Wakati huo alikuwa hajaitwa Bwana Hisa. Mtaani walimjua kwa jina la Bwana Mita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba kusoma mita za maji: ainame, afute vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, aandike namba, mbwa amtoe mbio. Ilikuwa kazi ya halali, na msusi, ndiye mkewe, hakuwa na neno nayo. Neno lake lilikuwa kwenye kile kisomo cha mtandaoni.

Kisomo kilianza na tangazo kwenye simu: jifunze uwekezaji na masoko ya fedha, bure kabisa. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyomponza, maana Bwana Mita na cha bure walikuwa chanda na pete. Akagundua kwamba mtandao umejaa walimu wasiodai ada. Kulikuwa na mmoja aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi, dalili tosha kwamba havijawahi kufunguliwa. Kulikuwa na mwingine aliyezunguka kwenye bustani ya watu amevaa miwani ya jua, akihubiri kwamba hela ndiyo ikufanyie kazi, si wewe uifanyie hela, na huku jasho linamtoka kwa kazi ya kuhubiri. Kulikuwa pia na mama mmoja mpole aliyechora ubaoni na kueleza mambo yakaeleweka, ila huyo hakuwa na watazamaji.

Ukweli usemwe, masomo yenyewe hayakuwa mabaya. Hisa ni nini, hati fungani ni nini, hatari ni nini, kwa nini mtu asikimbilie kitu asichokijua. Mwenye akili angesoma matatu manne, akaweka akiba yake kidogo mahali pa maana, akaendelea na maisha. Bwana Mita aliyala masomo kama karanga. Akimaliza moja anafungua jingine, na mwisho wa kila moja alijibu maswali, akapewa cheti cha kuchapisha mwenyewe kwa gharama yake mwenyewe. Vyeti vilijaa ukuta wa sebuleni. Picha ya harusi iliondolewa ili ipatikane nafasi ya cheti cha Misingi ya Soko, Ngazi ya Awali.

"Umesomea kuogelea umelala kitandani," msusi alimwambia. "Majini unaingia lini?"

"Haraka haraka haina baraka," alijibu. "Bado nipo kwenye misingi."

"Misingi hiyo ya ghorofa ngapi, baba? Maana hata nyumba ya tembe haionekani."

Balaa lenyewe lilikuwa akaunti ya mazoezi. Ukimaliza masomo ya mwanzo, wenye tovuti wanakufungulia akaunti na kukutilia hela za kuchezea, tena nyingi, kwa kuwa hela ya kubuni haimuumi mtoaji. Kwa hela hizo unanunua hisa za kampuni za kweli kwa bei za kweli, unauza, unapata, unakosa, na mwisho wa yote hakuna kilichoingia mfukoni wala kilichotoka. Ni kama watoto wanaopika wali wa mchanga kwenye vifuniko vya chupa. Ila watoto wakisikia njaa huuacha mchanga wakaingia ndani kula. Bwana Mita hakuingia ndani.

Bahati mbaya akaanza kushinda. Alinunua kwa kubahatisha, akaita mkakati, na kila alichogusa kikapanda. Siku mistari ya bei ikiwa ya kijani, yaani imepanda, alirudi kazini akipiga mluzi na kuwasalimia hata wale mbwa. Siku ikiwa myekundu alisusa chakula, akajilaza kwenye kochi na kitambaa kibichi usoni, na jirani akija kuomba chumvi msusi alimwambia baba anaumwa. Anaumwa nini? Anaumwa hela ambazo hazipo.

Nyumbani haikuwa siri. Tangu siku ya kwanza alimweleza mkewe kwamba zile ni hela za mazoezi, na msusi akacheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo alivyo. Mdomo wake una makali kuliko mikasi ya saluni yake, na wapo wateja waliokuja kusukwa ili wausikie tu, mradi wasiwe wao wanaosemwa. Mumewe akiwa wa kusemwa, msusi hakuwahi kukosa habari.

Waliodanganyika ni ukoo. Kaka yake Bwana Mita ana duka la vifaa vya ujenzi, na kila mtu, mpaka mama yake mzazi, anamwita Saruji. Siku moja walikuwa wote kwa mama yao. Saruji akaichukua simu ya mdogo wake aangalie picha za watoto, akakutana na ile namba yenye sifuri zake na mkia wake. Maandishi madogo ya kijivu yaliyosema akaunti ya mazoezi yalikuwa pale pale chini, lakini mtu aliyeona namba ya namna ile hana macho tena ya kusomea maandishi ya kijivu.

"Hii nini?" aliuliza Saruji.

"Akaunti yangu."

"Yako wewe?"

"Sasa ya nani?"

Hakusema uongo hata mmoja. Alichukua kikombe chake akanywa chai taratibu, na chai ile haijaisha, shangazi yao alikuwa ameshahamisha kiti chake akakae karibu naye. Msusi alimwangalia mumewe kutoka upande wa pili wa sebule akingoja aseme lile neno moja lililobaki. Hakulisema.

Kuanzia hapo akawa Bwana Hisa. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakiona cha hariri. Saruji, ambaye miaka yote hakuwahi kumwacha amalize sentensi, sasa alimuuliza maoni yake kuhusu bei ya nondo. Watu waliokuwa wakimpita bila salamu walimvukia barabara. Shangazi alimvuta pembeni akamwomba na yeye amnunulie hizo hisa, zisiwe nyingi, hata kilo mbili tu za kuanzia. Bwana Hisa alimjibu kwa sauti ya daktari kwamba kwanza waangalie hali ya soko.

Na msusi naye, tusimfiche, alilamba kidole katika karamu hiyo ya hewa. Wateja waliongezeka. Mwenye fremu ya saluni, aliyezoea kuja kudai kodi akigonga mlango kwa funguo kama askari, sasa alibisha hodi. Msusi alijiambia kwamba si yeye aliyedanganya, na kwamba wajinga ndio waliwao. Akanyamaza, ingawa kunyamaza kwake kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha likaja la nyumba.

Nyumba ya mama mkwe ipo bondeni, na mvua ikinyesha maji huingia bila kubisha. Marehemu baba mkwe aliiandikisha kwa jina la mtoto wa kwanza, kwa imani kwamba mtoto wa kwanza atamtunza mama. Mtoto wa kwanza alikuwa Saruji, na Saruji alitaka kufungua duka la pili. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitamani nyumba ile, mpaka akatokea mwenye duka la dawa aliyetaka kuibomoa ajenge ghala. Saruji akauita ukoo akatangaza kwamba mama atahamia kwenye chumba cha nyuma dukani kwake, kati ya mabati na makopo ya rangi, tena pana umeme.

Mama mkwe aliolewa akaingizwa ndani ya nyumba ile, akazalia humo, akafiwa humo. Alipokea habari ameweka mikono mapajani, akauliza tu kama kwenye hicho chumba kuna dirisha. Saruji alisema dirisha litatobolewa.

Katika ukoo ule, kama ilivyo kwa wengi, mali ya nyumbani huulizwa ndugu kwanza kabla ya mgeni. Saruji aliuliza kwa kutimiza desturi tu, huku anafunga mkoba wake. "Yupo ndugu anayeitaka?"

"Nyumba naichukua mimi," alisema Bwana Hisa.

Shangazi akapiga vigelegele. Msusi alipaliwa na mate, akapigwa mgongoni na mke wa Saruji. Njiani kurudi nyumbani alimshukia mumewe: "Utainunua kwa nini? Kwa vyeti? Utamfungia mwenzako bahasha ya mistari ya kijani?" Bwana Hisa alitembea ameinamisha kichwa kama anatafuta mita barabarani. Alisema neno moja tu, "Niachie," na kila alipoulizwa tena alilirudia hilo hilo.

Msusi akamwachia. Wiki zilizofuata Bwana Hisa alimzungusha kaka yake kwa kila somo alilowahi kusoma. Mara soko limeyumba, mara asubiri gawio, mara mtandao unafanyiwa matengenezo. Msusi alisikiliza yote akiwa anachana nywele za watu, akitikisa kichwa kwa dharau. Mume aliyeolewa na simu, alijisemea. Aliingoja siku yake ya kuumbuka kama watu wanavyongoja mpira wa fainali.

Siku ikafika, Jumamosi mchana. Walikaa tena sebuleni kwa mama mkwe, na Saruji hakunywa hata chai.

"Mwenye duka la dawa kachoka," alisema. "Kapata nyumba nyingine kule juu, pakavu. Kanipa mpaka leo jioni. Akikosa jibu langu, analipia ile. Sasa Hisa, mdogo wangu, maneno yametosha. Hela iko wapi?"

Bwana Hisa alisimama. Alikohoa, akarekebisha kola, akaanza tangu mwanzo wa dunia. Alieleza soko la hisa lilivyo. Alieleza kwamba Jumamosi soko limefungwa, na hata likifunguliwa Jumatatu, ukiuza hisa hela haziji papo hapo, zinachukua siku zake ndipo zitoke, ni utaratibu wa masoko yote, hata mkubwa gani hauruki. Aliomba karatasi. Alichora mishumaa mirefu na mifupi, ile michoro ya bei kupanda na kushuka, akaeleza kila mshumaa maana yake. Aliomba maji, akayanywa kidogo kidogo kama mgonjwa. Akasema pengine waliokaa nyuma hawakuelewa, akarudi mpaka somo la kwanza: hisa ni nini.

Shangazi aliitikia kila sentensi kwa kichwa. Saruji alitazama saa, akatazama karatasi, akatazama saa. Hakuelewa kitu na hakutaka ijulikane. Mama mkwe alikaa pembeni ya mlango, macho kwenye kivuli cha paa kilichokuwa kinatambaa uani.

Msusi alivumilia mpaka mshumaa wa saba au wa nane. Kisha akaguna, wakageuka wote kumtazama.

"Maliza basi," alisema. "Watu wana kazi zao."

Bwana Hisa alimtupia jicho la haraka ambalo mwanamke mwingine pengine angelisoma. "Mtamsamehe," aliwaambia wenzake. "Mke wangu haya mambo hayamjui na yeye hayajui. Kichwa anachokielewa ni cha kusuka."

Wakacheka. Saruji alicheka, mke wa Saruji alicheka mpaka akajifuta machozi, na hata mama mkwe alitabasamu kidogo. Msusi alihisi damu imempanda mpaka kwenye masikio. Yeye, aliyekuwa analipa umeme uliochaji ile simu! Yeye, aliyezificha aibu za mtu huyu na kumdanganya jirani kwamba anaumwa! Kuchekwa na watu ambao angewasema mmoja mmoja mpaka washindwe kutoka nje, eti kwa mdomo wa Bwana Mita!

"Shemeji," alimwambia Saruji, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa, "hebu mwombe hiyo simu. Fungua ile akaunti. Umeiona namba? Haya, shuka chini. Hapo, maandishi ya kijivu. Tusomee na sisi tusiosoma."

"Mama watoto," alisema Bwana Hisa. "Tafadhali."

Saruji aliisogeza simu mbali na uso, akasoma polepole. "Akaunti ya mazoezi. Fedha hizi si halisi." Akasoma tena. "Mazoezi ya nini?"

"Ya kuwa tajiri," alisema msusi. "Anajifunza kwanza. Akihitimu atatuambia."

Kisha shangazi akauliza, kwa uchungu wa kweli, "Sasa zile kilo zangu mbili?" na sebule nzima ikaangua kicheko. Hapo msusi akawa kwenye uwanja wake. Aliwasimulia yote: vyeti, picha ya harusi iliyoteremshwa, mluzi wa siku za kijani. Akachukua kitambaa cha meza akajiwekea usoni, akajilaza kwenye mkono wa kochi akiugulia, "Jamani soko, jamani soko," na mke wa Saruji akaanguka kutoka kwenye kiti chake. Haijapata kutokea saluni ikacheka namna ile. Bwana Hisa alikaa chini. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mama yake.

Saruji hakuwa miongoni mwa waliocheka. Alikuwa amesimama barazani na simu yake sikioni, na kicheko kilipopungua sauti yake ikasikika vizuri. "Usilipie, mzee, usilipie hiyo. Yetu ipo, hakuna kipingamizi tena. Njoo sasa hivi, familia yote ipo hapa."

Mama mkwe aliinuka, akakusanya vikombe kwenye sinia, akaenda navyo jikoni. Msusi akamfuata, bado anahema kwa kucheka na tayari anatafuta maneno ya kujitetea, maana mgongo wa yule mama haukumpendeza.

"Mama, usininunie mimi," alisema. "Mimi sikudanganya mtu. Afadhali limejulikana leo, kuliko angekuaibisha mbele ya mgeni. Hela hazikuwepo hata kidogo."

"Najua hazikuwepo," alisema mama mkwe. Alikuwa anaosha vikombe. "Aliniambia kesho yake, baada ya kusema anainunua. Alikuja hapa akakaa kwenye hicho kigoda, akalia. Akasema, mama, nimeropoka, sina kitu. Nikamwambia usimwambie mtu."

Msusi alibaki ameshika kanga ya mlangoni.

"Hii nyumba maji yanaingia," mama mkwe aliendelea, bila kupandisha sauti. "Mtu wa kuitaka ni huyo mmoja tu. Tukasema tumcheleweshe. Achoke, achukue nyumba nyingine, aende zake. Mpaka Saruji aje apate mwingine, mimi ningekuwa nimeshamaliza siku zangu humu humu. Mwanangu hana lingine analolijua zaidi ya hayo masomo yake, ndiyo akayatumia hayo. Leo alitakiwa aongee tu mpaka jioni."

Msusi alitazama dirishani. Kivuli cha paa kilikuwa karibu na ukuta wa uani. Jioni yenyewe ilikuwa imeshafika mlangoni.

"Mbona hamkuniambia, mama?" Sauti ilimtoka ndogo. "Ningesaidia. Mimi na mdomo huu? Ningewaongelesha mpaka kesho."

"Nilitaka uambiwe. Nilimwambia, mkeo ana maneno, atatufaa." Mama mkwe alisuuza kikombe cha mwisho akakikagua. "Akaniambia, mama, huyo tumwache. Huyo atacheka."

Sebuleni shangazi alikuwa anairudia ile ya kitambaa usoni, jamani soko, jamani soko, na watu wanacheka upya. Barabarani gari likasimama, na Saruji akasikika akimkaribisha mgeni kwa bashasha. Mama mkwe alivuta gazeti kuukuu kutoka nyuma ya kabati, akachana kipande, akaanza kuvifunga vikombe kimoja kimoja vikiwa bado vina maji.

"Nishikie hapa," alimwambia msusi. "Nyumba ni ya Saruji, lakini hivi ni vyangu."